Sura ya Sita: Kikiharibika, Atakuja Nani?

Watu watano wanaijua PIN ya M-Pesa ya mpwa wangu. Alinihesabia mwenyewe siku moja nilipokuwa nimeketi kando ya kitanda chake, nyumbani kwa dada yangu kule Noonkopir, Kitengela: mama yake, dada yake mdogo, jirani anayekuja kumgeuza mchana, kijana wa duka la pembeni, na mimi. "Pesa ni zangu, mjomba," akasema, "lakini siri si yangu."

Ana miaka 24. Shingo yake ilivunjika usiku mmoja kwenye barabara ya Namanga, akiwa amebebwa na bodaboda, na tangu usiku huo amri za ubongo wake haziteremki kupita mabega. Anaongea vizuri, anacheka, anabishana kuhusu mpira na kila anayeingia chumbani. Mikono ndiyo imelala.

Ndiye aliyenionyesha video moja. Mzee wa Australia, mikono yake haifanyi kazi, anatuma ujumbe kwa kompyuta, ananunua vitu, anashughulikia pesa zake mwenyewe, na hakuna aliyemfungua fuvu. Kifaa kinachosoma ubongo wake kiliingizwa kupitia mshipa wa shingo. Mpwa wangu aliitazama mara tatu, kisha akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye unayesoma mambo haya. Hicho kitu ni salama?" Nikamjibu harakaharaka kwamba ndiyo, ripoti zinasema ni salama. Akanyamaza kidogo. "Salama wapi?" akauliza.

Nilirudi kwangu na swali hilo, na sikuweza kulala nalo.

Kifaa chenyewe kinaitwa Stentrode. Kimetengenezwa na kampuni ya Synchron, iliyoanzishwa na daktari Tom Oxley na mhandisi Nicholas Opie wa Melbourne. Baadhi ya familia za hapa kwetu sasa zina mzee aliyewekewa stenti ya moyo, kile kijineli cha wavu wa chuma kinachopanua mshipa ulioziba. Stentrode ni ndugu yake. Ni wavu wa nitinoli, metali inayokumbuka umbo lake, wenye urefu wa sentimita 4 hivi, na juu yake zimepachikwa elektrodi 16. Daktari hutoboa mshipa mkubwa wa shingo, hupitisha katheta, yaani mpira mwembamba, huusukuma wavu hadi kwenye mfereji mkuu wa damu unaopita utosini kati ya nusu mbili za ubongo, kisha huuachia. Wavu hufunguka na kukumbatia ukuta wa mshipa. Kutoka hapo waya mwembamba hurudi ndani ya mshipa hadi shingoni, huteremka chini ya ngozi, na kuishia kwenye kijisanduku kilichozikwa kifuani chini ya mfupa wa mtulinga. Badala ya kuvunja ukuta, fundi ameingia kwa mlango uliokuwapo.

Mfereji ule unapita jirani kabisa na sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli. Mtu aliyepooza akijaribu kusogeza mguu, mguu hausogei, lakini seli za pale hutoa amri zilezile zilizokuwa zikizitoa zamani, na elektrodi huisikia ile fujo ya umeme kupitia ukuta wa mshipa. Huisikia kwa mbali. Aliyewahi kukaa chumba cha mabati ataelewa: jirani akizungumza unajua anazungumza, unajua kama amekasirika, lakini maneno yote huyapati. Kwa hiyo kifaa hiki hakimpi mtu mkono mpya. Kinampa kitufe: bonyeza, acha, bonyeza kwa muda mrefu. Katika majaribio ya kwanza mshale wa kompyuta ulisogezwa kwa mashine inayofuata macho, na ubongo ukabonyeza. Kwa mtu ambaye hajabonyeza chochote kwa miaka, kitufe ni mali kubwa, na sitaki msomaji aliye na vidole kumi akidharau.

Sasa niseme ripoti zinasema nini hasa, maana nilikuwa nimezisoma kwa haraka ya mtu anayetaka habari njema.

Mtu wa kwanza aliwekewa Stentrode mwaka 2019 huko Melbourne. Matokeo ya wanne wa kwanza, waliofuatiliwa kwa miezi 12, yalichapishwa Januari 2023 katika jarida la JAMA Neurology. Hakuna aliyekufa wala kupata ulemavu zaidi wa kudumu kwa sababu ya kifaa. Hakuna mshipa ulioziba, hakuna wavu uliohama. Marekani nako, mgonjwa wa kwanza aliwekewa katika hospitali ya Mount Sinai, New York, Julai 2022, na utafiti wa watu 6 ulipotangazwa mwaka 2024 jibu lilikuwa lilelile: katika mwaka mmoja, hakuna dhara kubwa la kifaa lililosababisha kifo au ulemavu zaidi wa kudumu. Hizi ni habari njema za kweli. Watu hawa walijitolea miili yao ili wengine wajue, na kazi ilifanywa kwa uangalifu.

Lakini wanne na sita ni kumi. Watakwimu wana hesabu yao: ukiwapima watu 10 na jambo baya lisitokee hata mara moja, bado huwezi kukataa kwa uhakika kwamba hatari halisi ni ya mtu mmoja katika kila wanne. Sifuri ya watu 10 si sifuri ya watu 1,000. Haina maana kwamba hatari ni kubwa kiasi hicho. Maana yake ni kwamba idadi ile haitoshi kutuambia kuwa ni ndogo. Tazama pia maneno yaliyotumika. Walichokuwa wakihesabu ni vifo na ulemavu wa kudumu. Kichwa kinachouma wiki mbili, au damu inayovia chini ya ngozi, havikatazwi na sentensi ile.

Kisha kuna jambo lililonigusa zaidi, kwa sababu linamhusu kijana wangu moja kwa moja. Wale wanne wa Melbourne walikuwa na ALS au ugonjwa wa jamii yake, maradhi yanayoua taratibu seli za neva zinazoamrisha misuli. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 61. Mtu mwenye ALS kwa kawaida anahesabu miaka michache, na miezi 12 ya usalama ni sehemu kubwa ya safari yake. Mpwa wangu hana ugonjwa unaoendelea. Ana shingo iliyovunjika, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miongo mingi zaidi. Wavu ule, baada ya wiki chache, hufunikwa na ngozi ya ndani ya mshipa na kuwa sehemu ya mwili. Huutoi tena kwa njia uliyoingilia. Kwa hiyo anachoulizwa akubali ni kifaa cha maisha yote kwa ushahidi wa mwaka mmoja.

Hapa nataka kusema neno juu ya lugha, kwa sababu lugha imetupotosha. Vifaa hivi huitwa vya "uvamizi mdogo", na masikio yetu yanatafsiri: hatari ndogo. Uvamizi mdogo ni maelezo ya njia ya kuingilia. Hausemi lolote juu ya kinachofuata. Linganisha na watafiti wa BrainGate wa Marekani, ambao tangu 2004 wamekuwa wakifungua fuvu na kuchomeka ndani ya ubongo kijibamba cha milimita 4 kwa 4 chenye sindano kama mia. Ukisikia hivyo nywele zinasimama. Lakini mwaka 2023 walichapisha hesabu ya usalama ya watu 14 kwa jumla ya siku 12,203, yaani zaidi ya miaka 33 ya kuishi na kifaa ukiijumlisha ya wote. Matukio mabaya yanayohusiana na kifaa yalikuwa 68, sita kati yake makubwa. Maambukizi ndani ya fuvu: hakuna. Kifo au ulemavu wa kudumu uliosababishwa na kifaa: hakuna. Hakuna aliyelazimika kung'olewa kifaa kwa sababu ya matukio hayo. Mengi yalihusu ngozi iliyowashwa pale waya zinapotokeza kichwani. Sisemi njia hii ni bora. Nasema kwamba njia inayotisha zaidi ndiyo tunayoijua zaidi, na tunaijua kwa sababu mtu alihesabu kila kipele kwa miaka 17.

Nilimweleza haya yote. Akasikiliza, akasema, "Sawa. Hiyo ni Melbourne na New York. Mimi niko Kitengela."

Basi tuje Kitengela.

Mji huu ulihesabiwa kuwa na watu 154,436 katika sensa ya 2019, na umekua juu ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika kama ugali usioiva. Kiti cha magurudumu hakipiti mvua ikinyesha. Nyumba ya dada iko mita mia tatu tu kutoka lami, na kuna wiki nzima za Aprili ambazo mpwa wangu hatoki nje ya geti. Kutoka hapo hadi Nairobi ni kilomita 30 hivi, ambazo kwa msongamano wa Mlolongo na Mombasa Road zinaweza kula saa mbili. Ukigeuka upande mwingine, Isinya, mji wa Kajiado, Ilbissil hadi Namanga mpakani, watu ni wachache na umbali ni mrefu.

Ni barabara hiyohiyo ya Namanga, mwaka 2012, ambayo daktari wa mifugo Zachary Kimotho aliielekea akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuwa amepigwa risasi na wanyang'anyi wa magari mwaka 2004 na kupooza. Alitoka Nairobi akisema anakwenda Afrika Kusini, kilomita 4,000 hivi, kutafuta huduma za kurekebisha maisha baada ya uti wa mgongo kuumia, na kwamba atarudishwa nyumbani pale tu Wakenya watakapochanga shilingi milioni 250 za kujenga kituo kama hicho hapa. Kampeni ikaitwa Bring Zack Back Home. Nchi ilikuwa na hospitali moja tu ya umma ya majeraha ya uti wa mgongo, ile ya Hurlingham, yenye vitanda vya kuhesabika. Watu walichanga kwa M-Pesa, mia mia, hamsini hamsini.

Nimemkumbuka Kimotho mara nyingi nikiandika kitabu hiki. Hakuwa akiomba kompyuta ya ubongo. Alikuwa akiomba mahali ambapo mtu aliyevunjika mgongo atafundishwa kuishi: kutoa mkojo bila kuumwa figo, kukaa bila kutoboka ngozi, kurudi kazini. Muulize muuguzi yeyote aliyefanya kazi wodi hizo atakwambia wagonjwa wake wanauawa na nini baada ya kuondoka hospitali. Hawauawi na shingo. Wanauawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo yanayoingia kwenye damu. Dada yangu ameweka kengele kwenye simu yake: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi usiku. Kila ikilia anaamka, anamgeuza mwanawe upande mwingine, anapapasa mgongo na visigino kwa kiganja kutafuta mahali penye joto, anarudi kulala. Ni mwaka wa tatu sasa. Hana hata kidonda kimoja mtoto yule, na hakuna jarida litakaloichapisha kazi hiyo.

Lakini ukiutazama usalama wa kipandikizi ukiwa umesimama kwenye kitanda kile, unaona mambo ambayo ukiwa Melbourne yanaonekana madogo. Anayewekewa wavu ndani ya mshipa lazima ameze dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi ya mwanzo, kisha aspirini peke yake kwa muda zaidi. Wavu ni kitu kigeni ndani ya mfereji wa damu, na damu hupenda kuganda juu ya kitu kigeni. Mfereji ule ukiziba, damu haitoki ubongoni, na hicho ni kiharusi. Kwa hiyo dawa isikatike. Je, katika duka la dawa la Kitengela itapatikana kila mwezi, na dada ataimudu? Kisha maambukizi ya mkojo, ambayo mtu mwenye katheta ya mkojo huyapata tena na tena: bakteria wakiingia kwenye damu, wanatafuta pa kushikilia, na chuma ni mahali pazuri kwao. Homa ambayo leo inatibiwa kwa sindano na kusahaulika, kwa mwenye kipandikizi ni homa inayohitaji daktari anayejua kwamba kuna waya kati ya utosi na kifua. Na siku akihitaji picha ya MRI, mtu aliye zamu usiku atauliza kifaa hiki ni cha nani na kinaruhusiwa kuingia kwenye sumaku au la. Nani atamjibu?

Hayo si mawazo tu. Afrika Mashariki ina historia yake ya vipandikizi vya kichwani, na wanaozungumza juu ya teknolojia mpya husahau kuisoma.

Watoto wanaozaliwa na kichwa kikubwa, au wanaokipata baada ya maambukizi ya uchangani, wana maji yaliyonaswa ndani ya ubongo. Tiba ya kawaida duniani kwa miongo mingi imekuwa shanti: mpira mwembamba wenye vali, unaotoka ndani ya ubongo, unapita nyuma ya sikio chini ya ngozi, na kumwaga maji tumboni. Ni kipandikizi cha kichwa, na upasuaji wake si mrefu. Ukiupima kwa siku ya upasuaji, shanti ni salama. Lakini shanti huziba. Katika nchi tajiri kabisa karibu nusu ya shanti za watoto huharibika ndani ya miaka miwili ya kwanza. Huko mtoto akianza kutapika na kusinzia, mama humkimbiza hospitali na saa chache baadaye yuko mezani. Mama aliye bonde la Magadi, au kijiji cha mashariki mwa Uganda, akiona dalili hizo usiku wa mvua, ana siku moja, pengine mbili, na barabara haipo.

Mwaka 2000 daktari Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Uganda na familia yake, na mwaka uliofuata hospitali ya watoto ya CURE ikafunguliwa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Aliona kwamba watoto wengi walipata maji kichwani kutokana na maambukizi, na aliona pia alichokuwa akiwafanyia kwa kuwawekea shanti: alikuwa akiwapa maisha yanayotegemea kifaa ambacho kingeharibika mbali na yeye. Kwanza akachunguza shanti zenyewe. Mwaka 2005 akachapisha ulinganisho wa watoto 195: shanti ya bei nafuu kutoka India ilifanya kazi sawa na ile ya bei kubwa kutoka Marekani. Lakini bei haikuwa ndiyo mzizi wa tatizo. Kwa hiyo akachukua njia nyingine. Kwa kamera nyembamba alitoboa tundu dogo sakafuni mwa chumba cha maji cha ubongo ili maji yapate njia ya asili, kisha akachoma kwa umeme tishu inayotengeneza maji hayo ili yapungue. Asiache kifaa chochote ndani. Mtoto akirudi kijijini, hakuna cha kuziba.

Upasuaji huo ni mgumu kuliko kuweka shanti. Unahitaji mkono uliofunzwa, na Mbale ilifunza madaktari wengi wa Afrika. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watoto wachanga 100 waliogawanywa kwa kura Mbale, nusu shanti, nusu njia ya Warf: baada ya miezi 12 ukuaji wa akili haukutofautiana kwa kiasi cha kuonekana. Leo njia iliyozaliwa Mbale inafundishwa hata Marekani.

Ninaposoma habari za Stentrode ninaiona Mbale. Warf hakuuliza tu kama shanti ni salama. Aliuliza ni salama kwa mtoto anayeishi wapi, anayerudi kwa njia gani, na nani atakuwa zamu siku itakapoziba. Mpwa wangu, ambaye hajawahi kulisikia jina la Warf, aliuliza jambo hilohilo kwa maneno mawili.

Kuna pia kifo ambacho hakimo katika ripoti za hospitali: kifo cha kampuni. Zaidi ya watu 350 duniani, vipofu, walipandikizwa jicho la umeme la Argus II, lililotengenezwa na kampuni ya Second Sight ya California. Kampuni iliacha kulitengeneza, na mwaka 2020 ikakaribia kuanguka kabisa. Watu wale walibaki na kifaa ndani ya jicho bila vipuri na bila fundi, wengine wakirudi gizani kwa mara ya pili. Nchini Australia kampuni ya NeuroVista iliwawekea watu 15 wenye kifafa kifaa cha kutabiri mshtuko. Fedha zilipokwisha, vifaa vikatolewa, pamoja na cha mwanamke aliyekuwa amekizoea hata akakiona kuwa sehemu ya nafsi yake na hakutaka kuachana nacho. Hao waliishi katika nchi zenye mahakama na bima. Sisi bado tunajifunza bima ya afya ya taifa, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia nini na nini hailipii.

Na data je? Ile fujo ya umeme ya ubongo ni data ya afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaipa ulinzi maalumu. Tunazo pia taasisi za kuuliza maswali: Bodi ya Famasia na Sumu inayosimamia majaribio ya dawa na vifaa, na kamati za maadili ya utafiti. Lakini tulikuwapo mwaka 2023 foleni zilipojaa ukumbi wa KICC, Nairobi, vijana wakitazama ndani ya mpira wa chuma wa mradi wa Worldcoin ili mboni zao zipigwe picha, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Kibali kinachotolewa kwa sababu mtu ana njaa ni kibali dhaifu sana. Siku watafiti watakapofika Kajiado na kifaa cha ubongo, wakiwa na nia njema kabisa, watakutana na vijana waliolala chali miaka mitatu. Kijana kama huyo angetia sahihi karatasi yoyote, kama angekuwa na mkono wa kutia sahihi. Wajibu wa kumlinda hauwezi kuachwa kwake peke yake.

Sipingi kifaa hiki. Ningekuwa na ALS, sauti imekwisha, macho yamechoka, na kilichobaki ni ubongo unaojaribu kusogeza mguu, ningeomba niwekewe hata kesho, na ningetaka nchi yangu iwe na chumba cha kukiweka na daktari wa kukiangalia mwaka wa kumi. Kwa mtu huyo hatari ileile ina uzito mwingine, maana upande wa pili wa mizani kuna ukimya. Mpwa wangu ana sauti. Ana shingo inayogeuka kidogo na mdomo wenye nguvu. Nilimwambia hivyo, nikaona uso wake unabadilika, akidhani namwambia aridhike. Nikamwambia hapana. Nikamuuliza anataka nini hasa, kitu kimoja, leo.

"PIN," akasema.

Fimbo ya mdomoni alikuwa nayo tangu hospitali, ya mbao, yenye kifutio cha penseli mwishoni. Tatizo halikuwa fimbo. Simu ilihitaji mtu wa kuishika mbele ya uso wake, na anayeshika simu anaona. Kando ya barabara ya Noonkopir kuna fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na vitanda vya deka. Nilimpelekea vipimo. Aliuliza maswali mengi kuliko daktari yeyote niliyewahi kuongea naye: kichwa kinafika wapi, kitanda ni cha chuma au mbao, mgonjwa akigeuzwa usiku mkono wa chuma utaenda upande gani usimkwaruze, na kama parafujo ikilegea nani atakaza. Alichomelea siku mbili. Mkono unabanwa kwenye fremu ya kitanda, unakunjika mara mbili, unashikilia simu kwa klipu ya gari. Alifungia mipira ya tairi la baiskeli kwenye kona zote. Kisha akaja nyumbani mwenyewe kuufunga, akaacha namba yake kwenye karatasi juu ya kabati.

Jioni ile tulijaribu. Fimbo iliteleza, akaibana tena kwa meno, akagonga kioo. Alikosea mara kadhaa, jasho likamtoka, mama yake akanyanyuka kumsaidia na nikamshika mkono akae. Akafungua menyu ya kubadilisha PIN. Hapo akaiacha fimbo idondoke kifuani, akatutazama mmoja mmoja: mama yake, dada yake, mimi.

"Mama, mjomba," akasema, "hebu tokeni nyote nje kidogo."

Tukatoka. Dada yangu aliurudisha mlango nyuma yetu, tukasimama uani karibu na tangi la maji. Ndani tulisikia fimbo ikigonga kioo, polepole, mara nne.